Kikompyuta Kilichonyamaza Ntobeye

Uvumi ulimkuta Sajenti Restituta sokoni Ngara mjini, akichagua dagaa. Muuzaji alimwambia, huku akijaza kopo, kwamba Ntobeye kuna bibi kizee ambaye akiingia kwenye baa ya Venance muziki unakatika, na akitoka unarudi. Restituta alicheka, akachukua dagaa wake, akaenda zake.

Uvumi haukwenda zake. Aliusikia tena kwenye foleni ya kliniki, alikokuwa amempeleka mtoto wake wa mwisho kuchomwa sindano, na safari hiyo bibi alikuwa anaingia baa na kuku mweusi kwapani. Akausikia kwa mama mmoja wakitoka kanisani, kuku ameshakuwa fisi. Kila mdomo ulimzeesha yule bibi na kumwongezea wekundu wa macho. Restituta alikuwa mpelelezi wa polisi. Alijua macho mekundu ya vikongwe yanatoka wapi: yanatoka kwenye moshi wa kuni mbichi. Alijua pia yanawafikisha wapi. Jioni alijaribu kuosha vyombo asilifikirie jambo lile, akavunja sahani.

Ijumaa, mtu aliyetoka Ntobeye akamwambia kama anayetoa habari ya harusi, "Kesho wanamwondoa. Mkutano uko palepale baa, saa nane mchana."

Asubuhi ya Jumamosi Restituta alivaa gauni la kawaida, akatia kitambulisho cha kazi kwenye mkoba, akapanda bodaboda.

Mtu wa kwanza kukutana naye mlangoni pa baa alikuwa Telesfori, mwenyekiti wa kitongoji, mwanamume mwenye tumbo la heshima na maneno ya mikutanoni.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Mgeni wetu unatokea wapi?"

Restituta akamwonyesha kitambulisho. Telesfori akaivua kofia kichwani, akairudisha.

"Karibu sana, afande. Sisi hapa ni watu wa amani. Tunamsaidia tu bibi ahame kabla vijana hawajapandwa na hasira."

"Ahamie wapi?"

"Hilo bado hatujalijadili."

"Vyombo vyake vipo barabarani, hapo karibu. Nimeviona nikipita. Godoro, vyungu, kiti. Hilo mlilijadili?"

"Vijana walitangulia kidogo."

"Na ushahidi mnao?"

"Afande, muziki unakatika. Watu wameona kwa macho yao."

"Wameuona muziki kwa macho?"

Telesfori akatazama barabarani kama anayesubiri mtu mwenye akili zaidi aje kumjibia. Hakuja mtu. Restituta akampita, akaingia ndani.

Venance alikuwa nyuma ya kaunta, shati limefunguliwa vifungo viwili, kitambaa begani. Miezi kadhaa nyuma alikwenda Mwanza, akarudi na kibao kimoja cha kompyuta na majivuno ya kutosha wilaya mbili. Kibao chenyewe kilikuwa kidogo kuliko kiganja, hakina kioo wala vitufe, vyuma vyake viko wazi kama samaki aliyepasuliwa. Alikilaza ndani ya kisahani cha sabuni, juu ya rafu ya ukutani. Waya mmoja ulikwenda kwenye umeme, mwingine kwenye spika kubwa mbili. Kazi yake ilikuwa kushika waifai ya ruta, kuvuta nyimbo mtandaoni na kuzimwaga ukumbini. Ntobeye nzima walikuwa wakicheza muziki wa kadi na redio. Venance peke yake alikuwa anacheza muziki wa hewani, na alihakikisha hakuna anayekunywa pale bila kuambiwa.

"Nilikitengeneza mwenyewe," alisema kabla hajaulizwa.

"Ulikitengeneza au ulikinunua?"

"Nilikinunua, nikakiunganisha mwenyewe."

"Sawa. Kiwashe."

"Leo hakitaki. Bibi amepita hapa asubuhi."

"Sikukuuliza nani amepita. Nimesema kiwashe."

Venance alichomeka waya. Taa nyekundu ikawaka, ikatulia. Ya kijani ikapepesa. Akachezea simu yake, kikompyuta kikakaa kimya. Akamtazama Restituta kwa ushindi, kama vile kushindwa kwa mashine yake ni kazi nzuri aliyoifanya.

"Umeona sasa?"

"Nimeona taa inawaka. Kwa hiyo umeme unafika. Ndani yake kuna nyimbo zozote ulizozihifadhi, zisizotoka mtandaoni?"

"Zipo chache. Za kwaya. Za zamani."

"Piga mmoja."

Spika zikakohoa, kwaya ikajaa ukumbini, besi ikitikisa glasi kwenye kaunta. Restituta aliuacha wimbo ukaenda hadi kiitikio, kisha akainua mkono.

"Zima. Mashine nzima. Spika nzima. Nyimbo zilizo ndani zinapigwa, za mtandaoni hazipigwi. Huyo ni mchawi gani anayechagua nyimbo?"

Venance akafuta kaunta iliyokwisha kufutwa.

"Fundi wako ni nani?"

"Wiston, yuko mjini. Huyo amesoma mambo haya. Alisema ni umeme mdogo, akaniuzia chaja. Halafu akaniuzia nyingine yenye nguvu zaidi."

"Mpigie. Weka sauti ya nje."

Wiston alipokea akitafuna.

"Fundi, hiki kikompyuta cha Ntobeye kinapoteza mtandao kwa nini?"

"Ni umeme, mama. Kile kidude kina njaa ya umeme. Umeme ukipungua, waifai ndiyo inayoachia kwanza. Hata vitabu vinasema."

"Mimi ni polisi."

"Ni umeme, afande."

"Ulipobadilisha chaja, kilipona?"

"Siku ile kilipona kabisa. Kilipiga mpaka naondoka."

"Siku gani?"

"Jumatatu, kama sikosei. Baa ilikuwa tupu, tulikuwa mimi na Venance na nzi."

"Na ruta uliikagua?"

"Ruta iko stoo. Stoo hawakuniruhusu. Kuna mambo yao ya pombe."

"Kwa hiyo ulimtibu mgonjwa ambaye nusu yake hukuiona."

"Nusu niliyoiona ilikuwa na tatizo la umeme," alisema Wiston, akaendelea kutafuna.

Restituta akamkatia. Hata hivyo hakulitupa neno la umeme hivihivi. Mjinga naye huokota ukweli mara moja moja. Akatoa betri yake ya kuchajia simu, ile anayotembea nayo kwenye doria, akauchomoa waya wa Venance ukutani na kukichomeka kikompyuta kwenye betri. Taa ziliwaka vilevile. Kwaya iliimba vilevile. Nyimbo za mtandaoni zilikataa vilevile. Chaja zote mbili za Wiston zilikuwa nzima, na mgonjwa hakuwa na njaa.

"Basi ni Jean Paul," alisema Venance haraka. "Mwenye saluni hapo jirani. Naye ana waifai. Ananinyang'anya hewa."

"Mwanzo alikuwa bibi, sasa ni kinyozi."

"Wanaweza kushirikiana."

Restituta alitoka, akamwomba Jean Paul azime ruta yake. Jean Paul, mashine ya kunyolea mkononi na kichwa cha mteja kikiwa nusu, aliizima, akasema tu, "Afande, huyo Venance mvua ikinyesha kwake peke yake atasema nimemwagia mimi." Restituta akarudi kwenye kaunta. Hakuna kilichobadilika. Akapaza sauti dirishani, Jean Paul akawasha tena.

"Bando lako lina kitu?"

"Lipo. Mke wangu yuko stoo anatazama video sasa hivi."

Restituta akaweka mkono juu ya kaunta.

"Rudia."

"Nimesema Selestina yuko stoo, anatazama video."

"Kwa mtandao wa ruta hiyohiyo?"

"Ipo moja tu."

"Kwa hiyo mtandao umejaa stoo, lakini ukumbini haupo. Unafia njiani, na njia yenyewe ni ukuta mmoja. Nipeleke stoo."

Venance alivuta kitambaa begani, akakikunja.

"Leo haiwezekani, afande. Pombe ya rubisi imeletwa asubuhi na haijaonjwa. Mgeni haingii palipo na rubisi isiyoonjwa. Inachacha. Hata baba yangu alikuwa haruhusu."

"Nani anaionja?"

Ukumbi ulikuwa na wateja wachache waliowahi mkutano ili wapate viti. Kila mmoja akainamia glasi yake. Venance ndiye aliyelazimika kujibu, na alijibu akitazama kisahani cha sabuni.

"Bibi Nyirabahizi."

Nyirabahizi alikuwa amekaa juu ya godoro lake, barabarani, hatua chache kutoka baa, katikati ya vyungu, anachambua maharage. Alivuka mpaka akitokea Rwanda akiwa mama kijana mwenye mtoto mgongoni, akalima hapa, akazika mume hapa, na watoto wake wakahamia Biharamulo kutafuta mashamba. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini kilitosha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwenye kiti. Wamenitolea nje hata kiti, angalau kimepata mgeni."

Restituta akakaa, akajitambulisha.

"Wanasema unanyamazisha mashine ya Venance."

"Ningekuwa na uwezo huo, ningemnyamazisha Venance. Mashine yake inanikosea nini?"

"Unakwenda baa siku zipi?"

"Jumatano na Jumamosi."

"Kwa nini siku hizo?"

"Ndizi zinakamuliwa shambani kwa Venance, zinachanganywa na mtama, zinalala kwenye mtumbwi wa mti mpaka ziive. Siku ya kuuza wanaleta baa asubuhi. Naitwa, napewa mrija, naonja, nasema tayari au bado. Wamekufa wazee wote waliokuwa wakionja, nimebaki mimi."

"Siku nyingine huendi?"

"Nikafuate nini? Kumtazama Venance akifuta meza?"

"Na siku hizo unaondoka saa ngapi?"

"Naonja, nakaa na wenzangu, napewa changu. Rubisi ikiisha naondoka. Nani anakaa kwenye baa ambayo pombe imeisha?"

Restituta aliwaza polepole, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Muziki unakatika siku za bibi. Siku za bibi ndizo siku za rubisi. Muziki unarudi bibi akiondoka, na bibi anaondoka rubisi ikiisha. Watu wenye macho, masikio na mdomo mkubwa walikaa pale wiki baada ya wiki, vitu viwili vikaingia pamoja na kutoka pamoja, wakahesabu kimoja. Cha pili walikuwa wanakinywa.

"Bibi, rubisi ikiletwa baa inawekwa kwenye nini?"

"Zamani tulitumia vibuyu na mitungi. Venance amenunua mapipa. Makubwa, ya plastiki, ya bluu."

"Asante. Usiende popote."

"Niende wapi, mwanangu? Nyumba yangu wamenihamishia hapa nje."

Restituta hakumwomba Venance ruhusa mara ya pili. Alizunguka nyuma, akagonga mlango wa stoo, akaitwa ndani na Selestina, mke wa Venance, mwanamke mwembamba aliyekuwa amekaa juu ya gunia, simu mkononi.

"Mume wangu amekuruhusu?"

"Hapana. Rubisi ikichacha, mwambie ni polisi."

Selestina akacheka kidogo, akafunika mdomo.

Ruta ilikuwa chini, juu ya tofali, pembeni ya mlango, kwa sababu ndipo penye soketi. Na kati ya ruta na ukuta wa ukumbi, mapipa ya bluu yalikuwa yamesimama bega kwa bega, yamefunikwa majani ya mgomba, yamejaa mpaka shingoni. Hata sisimizi angetafuta njia ya kuzunguka. Upande wa pili wa ukuta uleule, palepale usawa wa mapipa, ndipo ilipokuwa rafu yenye kisahani cha sabuni.

Restituta akaitoa simu yake, akamwomba Selestina neno la siri la waifai. Pembeni ya ruta, alama za mtandao zilijaa. Akapita nyuma ya mapipa, akajibana kati ya plastiki na ukuta. Alama zikashuka, ikabaki moja, nayo ikawa inakuja na kupotea. Akatoka, zikajaa. Akarudi, zikashuka.

"Kumbe maji yanazuia?" aliuliza Selestina.

"Mawimbi ya waifai yakikutana na maji mengi yanamezwa, na rubisi ni maji yenye jina. Pipa tupu yanapita. Lililojaa yanafia humo. Simu ina nguvu kidogo ya kushika, kile kibao hakina hata hiyo." Akaitia simu mfukoni. "Mapipa yalianza kukaa hapa lini?"

"Tangu tumalize kuweka vigae ule upande mwingine. Hataki vigae vichafuke."

"Na uvumi ulianza lini?"

Selestina akazima video yake. Akatazama mlango.

"Selestina. Kuna mtu mzima amekaa juu ya godoro barabarani."

"Venance alikuwa na sherehe ya kipaimara ya mtoto wa jamaa yake," alisema Selestina kwa sauti ya chini. "Amealika watu, amewaambia mashine yake haizimi. Ikazima. Watu wakacheka. Mmoja akamwambia arudishe redio ya baba yake. Venance akaona aibu, akamwonyesha bibi kwa kidole, akasema, 'Muulizeni huyo, kila akija inakuwa hivi.' Watu wakaacha kumcheka yeye."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu, afande. Na mimi nilikuwepo. Nilikuwa nagawa wali, nikanyamaza."

Saa nane watu walijaa uani. Walioleta viti vyao walikaa mbele, kama kwenye mchezo wa mpira. Telesfori alifungua mkutano kwa kuwashukuru wote kwa utulivu wao, akasema hakuna anayemchukia mtu, ila kitongoji kina haki ya kuishi bila mashaka. Restituta alimwacha afike kwenye neno "maendeleo", akasimama.

"Mimi ni Sajenti Restituta, mpelelezi. Mnasema bibi akiwepo muziki haupo. Tutajaribu sasa, mbele yenu wote. Mleteni akae karibu na mashine. Mpeni kiti chake."

Nyirabahizi aliletwa, akakaa chini ya rafu, fimbo magotini. Kikompyuta kilikuwa kimya. Minong'ono ikapita uani kama upepo kwenye mahindi makavu.

"Wanaume wanne, nifuateni stoo. Mapipa yote yatoke nje."

"Rubisi haijaonjwa!" alipiga kelele mtu mmoja.

"Mnataka kumfukuza mwonjaji, halafu mnaniwekea masharti ya kuonja?"

Mapipa yalitoka moja moja, yakizungushwa kwa makalio yake, rubisi ikigonga ndani. Waliyapanga juani. Restituta akarudi ukumbini, akamwambia Venance apige wimbo wa mtandaoni.

Venance akabonyeza. Kimya.

Akabonyeza tena. Kimya.

"Si nilisema?" Sauti yake ilipanda kwa furaha. "Jamani, mmeona wenyewe! Mapipa yametoka, yeye yupo, hakiimbi!"

Uani watu walisimama. Kijana mmoja aliruka kiti. Telesfori alishika mkono wa Restituta: "Afande, nakuomba utoke naye sasa hivi. Sitaweza kuwazuia."

Restituta hakutoka. Alitazama zile taa. Nyekundu ilikuwa imetulia. Ya kijani haikupepesa kabisa. Kile kidude kilikuwa kimeitafuta ruta tangu asubuhi, hakikuipata, kikachoka kutafuta. Njia ilikuwa imefunguliwa na chenyewe hakikuambiwa.

"Venance. Jioni, baa ikitulia, ndipo muziki unaporudi. Unafanya nini ili urudi?"

"Nakichomoa, nakichomeka."

"Na bibi anakuwa amekwisha ondoka, kwa hiyo ukadhani dawa ni yeye kuondoka."

Akauchomoa waya. Taa zikafa. Akasubiri kidogo, akauchomeka. Nyekundu. Kisha muda ambao hakuna aliyejua ni mrefu kiasi gani, mtu akikohoa, mtoto akinyamazishwa. Kijani ikapepesa. Ikaacha. Ikapepesa tena, haraka haraka.

"Piga."

Wimbo ulilipuka kwenye spika kwa sauti iliyomfanya Telesfori arudi nyuma. Nyirabahizi hakusogea. Alikuwa amekaa chini kabisa ya rafu ileile.

"Sasa rudisheni mapipa," alisema Restituta.

Waliyarudisha. La mwisho lilipofika mahali pake, wimbo ukakatika katikati ya neno.

"Bibi, toka nje kidogo. Nenda mpaka kwa Jean Paul."

Nyirabahizi akatoka, polepole, watu wakimpisha. Restituta akachomoa waya, akachomeka. Wakasubiri. Kimya. Bibi hayupo, na mashine haikuimba.

"Toeni mapipa. Bibi, rudi ukae."

Mapipa yakatoka, bibi akakaa, waya ukachomolewa na kuchomekwa, na wimbo ukarudi ulipoachia. Wanaume waliokuwa wakizungusha mapipa walikuwa wamelowa jasho, na hakuna aliyetaka raundi nyingine.

Telesfori alikuwa wa kwanza kupata maneno, kama kawaida ya watu wa aina yake.

"Basi, ndugu wananchi, kumbe ni mambo ya kitaalamu."

"Si ya kitaalamu, mwenyekiti. Ni pipa. Mmelizunguka pipa, mmelinywa pipa, mkamtolea mtu godoro."

"Tulikosea kwa kutojua."

"Mlijua njia ya kwenda kwake. Mlijua chungu kipi kinabebwa na wangapi." Akawageukia wote. "Vyombo vinarudi ndani sasa. Wanavirudisha walewale waliovitoa. Mwenyekiti, wewe utabeba godoro."

"Mimi sikulitoa."

"Ndiyo maana mikono yako bado ina nguvu."

Mtu akacheka, akaacha. Venance alikuwa anajaribu kupita nyuma ya kaunta. Restituta akamwita kwa jina lake lote, mbele ya mkewe na wateja wake.

"Kumwita mtu mchawi ni kosa la jinai. Utakuja nami kituoni, utaeleza ulivyosema kwenye kipaimara."

"Afande, lilikuwa neno moja tu. Nilikuwa nimeona aibu."

"Ulichekwa jioni moja. Yeye angeuawa."

"Sikutaka auawe!"

"Ulitaka wasikucheke. Kwako bei ilikuwa sawa."

Selestina alikuwa mlangoni pa stoo. Hakumtetea mume wake, wala hakumtazama.

Kijana yule aliyeruka kiti akasogea, akavua kofia, akauliza kwa adabu, kwa nia njema kabisa: "Samahani, afande. Nimeelewa habari ya mapipa. Lakini kwa nini sasa yawe yanazuia siku zile zile anazokuja bibi?"

Restituta alimtazama. Alikuwa kijana safi, shati limepigwa pasi, pengine na mama yake.

"Mwenyekiti," alisema bila kumwondolea yule kijana macho, "huyu bibi akijikwaa, akiumwa tumbo, akipotelewa na kuku, sitauliza mtu mwingine. Nitakuja kukuuliza wewe."

Telesfori akaitikia kwa kichwa, godoro likiwa begani.

Nyirabahizi alisimama, akajiegemeza kwenye fimbo. Alikwenda kwake nyuma ya wabeba vyombo, akiwaelekeza njia nzima kwa sauti kavu: kile chungu kina ufa, usikishike hapo, kiti kinaingia kwa ubavu, maharage hayo nilishayachambua, usiniletee mchanga wako. Wakatii. Alipoingia, aliufunga mlango kwa ndani, na Restituta, aliyesimama barabarani na Venance pembeni yake, alisikia komeo likiingia mahali pake.

Kwa mwenye mashine kama ile, na kwa asiye nayo, ya kuepuka ni haya:

Usiiweke ruta chini, nyuma ya pombe, maji, au kitu chochote kilichojaa.

Usiseme mashine imekufa na taa yake inawaka.

Usinunue chaja ya pili kabla hujaijaribu ya kwanza kwenye kitu kingine.

Usimfungie fundi mlango wa chumba chenye ruta, wala usimlipe fundi aliyekubali kufungiwa.

Ukiondoa kizuizi, usihukumu kabla hujachomoa na kuchomeka upya.

Usiulize nani alikuwepo kabla hujauliza nini kilikuwepo.

Usitaje mtu ili watu waache kukucheka.

Usigawe wali huku umenyamaza.

Usimwambie mwanao uvumi ulioletwa na muuza dagaa, hata kama unachekesha. Atakua nao.

Usiguse chungu cha mtu.